Mtihani Ujao wa Kiingereza Umo Ndani ya Karatasi Iliyopita

Zikibaki wiki mbili shule zifungwe, maduka ya fotokopi mjini Thika hubadilisha kazi. Mashine ambazo siku nyingine hutoa nakala za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa huanza kutoa mitihani ya Kiingereza: ya kaunti nyingine, ya majaribio ya mwaka juzi, ya shule zenye majina makubwa. Mzazi aliyetoka zamu ya usiku kiwandani hupitia hapo kabla ya kwenda kulala, akanunua rundo, akalifikisha nyumbani Makongeni au Kiganjo akiamini kwamba amemwandalia mwanawe mtihani. Namheshimu sana mzazi huyo. Lakini miaka niliyofundisha na kusahihisha somo hili imenifikisha kwenye msimamo ambao afadhali niuseme mapema: karatasi yenye faida kuliko zote haiuzwi dukani. Ni ile ambayo mtoto aliifanya muhula uliopita, mwalimu akaijaza wino mwekundu, mtoto akatazama alama, akaikunja na kuisahau chini ya begi. Kujiandaa kwa mtihani wa Kiingereza ni kuifungua hiyo, kuyachambua makosa yake na kuyaandika upya, na kazi hiyo huanza wiki ya kwanza ya muhula, si ya kumi na mbili.

Tuutazame mtihani wenyewe kwanza, maana wengi huuogopa bila kuujua. Shule nyingi huiga umbo la karatasi za Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC. Kwa vidato vya mwisho vya mfumo wa 8-4-4, ambao KCSE yake ya mwisho imepangwa kufanywa 2027, Kiingereza kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Ya kwanza ina alama 60: uandishi wa kiuamilifu 20, kujaza mapengo 10, stadi za kuzungumza 30. Ya pili ina 80: ufahamu 20, dondoo la kitabu teule 25, ushairi au fasihi simulizi 20, sarufi 15. Ya tatu ni insha tatu za alama 20 kila moja, moja ya kubuni na mbili za vitabu teule. Ipitie orodha hiyo ukijiuliza ni kipi ndani yake kinachoweza kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani. Kifungu cha ufahamu mwanafunzi hajakiona. Shairi hajaliona. Kichwa cha insha hakijui. Zinabaki habari za vitabu teule, na hata hizo haziulizwi kwa kumbukumbu tupu. Alama nyingi zinapima ustadi, na ustadi wa lugha haupatikani kwa kusoma majibu yaliyoandikwa na mtu mwingine.

Wadogo wa wanafunzi hao, walio sekondari msingi, wana sababu kubwa zaidi ya kuanza mapema. Tathmini ya KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2025 mwishoni mwa Gredi ya 9, hubeba asilimia 60 ya matokeo ya mwisho. Asilimia 20 hutoka kwenye KPSEA ya Gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Kwa hiyo udhaifu wa Gredi ya 7 usiposhughulikiwa huingia kwenye hesabu mara mbili: kwanza katika tathmini ya shule, kisha katika mtihani wenyewe, kwa kuwa mtoto bado anao.

Kosa lina mpangilio

Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder, aliyekuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliandika makala fupi iliyobadilisha jinsi walimu wa lugha wanavyoyatazama makosa. Hoja yake ni kwamba mwanafunzi wa lugha ya pili hakosei ovyo. Makosa yake yana utaratibu, na utaratibu huo unamwonyesha mwalimu mtoto amefika wapi na anafuata kanuni gani kichwani mwake. Nimelithibitisha jambo hilo kwenye madaftari ya watoto wa hapa kwetu. Chukua insha ya mwanafunzi yenye masahihisho thelathini. Mzazi akiiona hufadhaika, na mtoto huona kwamba yeye na Kiingereza hawaelewani kabisa. Yapange masahihisho hayo kwa aina, utakuta kwamba ni manne au matano yanayojirudia. Anachanganya "he" na "she", kwa sababu Kiswahili, Kikuyu na Kikamba vyote havimtenganishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi. Anaangusha "a" na "the", ambazo lugha zetu hazina. Anaanza kisa kwa wakati uliopita, na mbio zikianza katika hadithi anahamia wakati uliopo bila kujua. Anaunganisha sentensi tatu kwa mkato. Anaandika l mahali pa r kwa sababu ndivyo anavyolisikia neno. Mtoto huyo ana mambo matano ya kurekebisha, na mambo matano yanatosha muhula mmoja.

Karatasi ya kununua haiwezi kumwonyesha hayo, kwa kuwa haimjui. Ina maswali mazuri pengine, na mwongozo wa kusahihisha umebanwa nyuma yake, lakini makosa ya mtoto mwenyewe hayamo. Halafu kuna namna inavyotumiwa. Nimewaona wanafunzi wengi wakisoma swali, wakageuza ukurasa, wakasoma jibu, wakatikisa kichwa kwamba wameelewa, wakaendelea na swali linalofuata. Wanamaliza karatasi sita kwa jioni moja na kulala wakiwa na imani. Imani hiyo imechunguzwa kisayansi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilirudia kukisoma kifungu mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likajitahidi mara tatu kuandika yale yaliyokumbukwa bila kukitazama tena. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takribani asilimia 61 na waliorudia kusoma asilimia 40. Kujipima kunachosha na kunamfanya mtu ahisi hajui kitu, lakini kunadumu. Kusoma majibu kunaburudisha na hakudumu. Karatasi ya zamani ina thamani ikifanywa kwa saa, majibu yakiwa kwenye kabati, kisha ikasahihishwa na kuchambuliwa. Moja ya namna hiyo inafaa kuliko sita za jioni moja.

Hapa walimu wenzangu wana haki ya kuniuliza: nani atasahihisha? Swali hilo nalichukua kwa uzito. Tuseme mwalimu ana mikondo mitatu yenye wanafunzi hamsini kila mmoja, na kila insha anaisoma kwa dakika tano tu. Hizo ni saa kumi na mbili na nusu kwa zoezi moja, nje ya vipindi. Ndiyo maana insha huandikwa mara mbili kwa muhula, na ndiyo maana nyingine hurudi na tiki moja chini. Siwezi kumlaumu mtu kwa hesabu hiyo. Ninachopendekeza ni kwamba tuache kusahihisha kila kitu. Wiki hii mwalimu anatangaza kwamba atatazama wakati wa vitenzi peke yake, wiki ijayo mipaka ya sentensi. Dakika tano zinakuwa mbili, na mtoto anapokea ujumbe mmoja anaoweza kuufanyia kazi badala ya ukurasa mwekundu usiosomeka. Makosa ya aina nyingine yatakuwepo. Yatangoja zamu yake.

Alama nayo tuijadili, kwa sababu katika nchi hii tumeipa kazi isiyoiweza. Ruth Butler, mtafiti wa Israeli, alichapisha mwaka 1988 uchunguzi ambao kila mwalimu mkuu angepaswa kuufahamu. Wanafunzi walifanya kazi zilezile, wengine wakarudishiwa maoni peke yake, wengine alama peke yake, wengine alama pamoja na maoni. Waliopata maoni tu ndio waliopiga hatua katika kazi zilizofuata. Wale wa alama pamoja na maoni hawakufaidika na maoni yale, walikuwa kama wale wa alama tupu. Mtoto akiona 9 juu ya 20, yaliyoandikwa pembeni hayasomi tena. Anatafuta jirani kapata ngapi. Ukirudisha insha bila alama leo, ukawapa kipindi kizima cha kurekebisha, kisha ukasoma alama kesho, umeongeza somo bila kutumia shilingi.

Yanayoaminiwa bila sababu

Imani iliyoenea kuliko zote ni ile ya insha ya kukariri. Kuna vitabu vya insha bora, na kuna wanafunzi wanaoingia mtihanini na mianzo mitatu tayari: jua linalochomoza, kengele ya saa inayolia, mama anayeita kutoka jikoni. Kichwa kikiwa tofauti, wanakipinda kichwa kifuate mwanzo. KNEC huiweka insha kwanza kwenye mojawapo ya ngazi nne: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20. Kinachoamua ngazi ni kama mwandishi anawasiliana: je, msomaji anahangaika kumwelewa, anaelewa kwa taabu kidogo, anasoma bila kukwama, au anavutwa kusoma zaidi? Insha ya kukariri huanza na aya moja iliyonyooka kisha ikaporomoka, na msahihishaji huziona nyufa palepale, kwa sababu aya ya pili imeandikwa na mtu mwingine, yaani mtoto mwenyewe. Afadhali aya nne za sauti moja, hata kama si ya kupambwa. Mtoto wa mtaa wa mabanda wa Kiandutu anayeeleza kwa sentensi fupi na safi jinsi moto ulivyoruka kutoka kibanda kimoja hadi kingine ana nafasi ya ngazi ya B ambayo mwenye jua la kuazima hana.

Imani ya pili ni ya mitaa mipya ya Ruiru, ambako wazazi wengi wameamua kuzungumza Kiingereza peke yake na watoto. Nia ni njema. Lakini Kiingereza cha kuomba chai na kugombania rimoti si kile cha kueleza kwa nini mhusika alibadilika. Kinachojenga hicho cha pili ni kusoma. Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 kwa kila darasa katika shule za vijijini Fiji, kwa watoto ambao Kiingereza kwao ni lugha ya pili kama ilivyo kwetu, wakawapa nusu saa hivi kila siku ya kusoma au kusomewa. Ripoti yao ya 1983 ilionyesha watoto hao wakisonga mbele katika kusoma kwa kasi ya takribani mara mbili ya wenzao waliofuata kitabu cha kiada tu, na faida hiyo baadaye ikaenea hadi kwenye kuandika na sarufi. Mzazi mwenye uwezo wa tuisheni ana uwezo wa vitabu vya hadithi, na asiye na uwezo ana maktaba ya umma pale Thika.

Kuhusu Sheng nitakuwa mfupi. Kumwadhibu mtoto kwa kuisema hakumpi Kiingereza, kunampa ukimya. Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru katika kaunti hii yetu ya Kiambu, alieleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, jinsi watoto wa enzi yake walivyoadhibiwa kwa kunaswa wakisema Kikuyu shuleni. Tumebadilisha lugha inayowindwa, uwindaji umebaki. Na mtoto aliyenyamaza hawezi kufanya vizuri sehemu ya stadi za kuzungumza, ambayo nimekwisha kusema ni alama 30 kati ya 60 za karatasi ya kwanza. Nusu nzima! Humo huulizwa maneno yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti, silabi inayowekewa mkazo, herufi isiyotamkwa, namna ya kumkatiza mtu kwa adabu, namna ya kughani shairi. Sehemu hiyo hufanywa kwa kalamu, lakini haiandaliwi kwa kalamu. Mtoto asome kwa sauti kila jioni, ukurasa mmoja, akitenganisha "rice" na "lice", "right" na "light". Mama asiyejua Kiingereza anaweza kusimamia zoezi hilo vizuri sana: anasikiliza pale mtoto anapokwamakwama, anamwambia rudia, kisha anamwomba amsimulie kwa Kiswahili au Kikamba alichosoma. Akishindwa kusimulia, hakuelewa, na huo ni ufahamu uliopimwa bila karatasi.

Sasa nifike kwenye alama zinazonisikitisha kuliko nyingine, zile 20 za uandishi wa kiuamilifu. Tunaishi katika mji wa viwanda. Bidco wanatengeneza mafuta hapa, Thika Cloth Mills wanafuma vitambaa, Del Monte wanasindika mananasi, na ukishuka hadi Ruiru unakuta chuma cha Devki. Kila lango lina ubao wa matangazo. Kila sakafu ya kazi ina maagizo ya usalama ukutani, yameandikwa kwa vitenzi vya kuamrisha na kwa mpangilio wa hatua. Mzazi ana barua ya ajira, ana ratiba ya zamu, amepokea memo kuhusu likizo. Chama chake kina kumbukumbu za mikutano zenye waliohudhuria, waliotoa udhuru, yatokanayo na mkutano uliopita. Mfuko wa mbolea una maelekezo, chupa ya dawa ya kikohozi ina tahadhari. Hiyo ndiyo mada yenyewe ya swali la kwanza la karatasi ya kwanza: barua ya kuomba kazi, tangazo, memo, ripoti, kumbukumbu, maagizo, resipe, baruapepe. Na bado mtoto aliyezaliwa umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye malango hayo anakariri umbo la memo kitabuni, kutoka kwa kampuni ambayo haipo, kisha siku ya mtihani anasahau kuandika mada na tarehe, ambazo zina alama zake peke yake hata kabla maudhui hayajasomwa.

Zoezi langu ni hili. Mzazi alete nyumbani tangazo lililokwisha muda wake, lisilo na siri ya mtu wala ya kampuni. Mtoto aeleze limeandikwa na nani, linamlenga nani, linataka msomaji afanye nini, na kwa nini aya ya kwanza imetangulia ya pili. Kisha aandike lake, kuhusu jambo la kweli: maji kukatika kwenye ploti, mkutano wa wapangaji, kikapu cha michango ya mgonjwa. Wiki inayofuata iwe memo, ya tatu iwe kumbukumbu za mkutano wa kweli aliohudhuria, hata uwe wa klabu ya shule. Walimu nao wanaweza kumwalika msimamizi wa zamu au karani wa ofisi kwa kipindi kimoja aeleze ripoti ya ajali ndogo huandikwaje, na kwa nini saa, mahali na mashahidi havikosekani. Mtoto akishaelewa kwamba umbo lipo kwa sababu kuna mtu atakayeitumia karatasi hiyo, hatalisahau kirahisi.

Vitabu teule vinaniita kwa aya moja. Fathers of Nations ya Paul Vitta, pamoja na The Samaritan ya John Lara, vimezungukwa na miongozo mingi kiasi kwamba wapo wanaofika kidato cha nne bila kuvisoma hadi mwisho. Swali la dondoo, lenye alama 25, kwa kawaida linataka yaliyotokea kabla ya kipande kile au yanayofuata, pamoja na mbinu zilizotumika ndani yake. Mwongozo unatoa maudhui na wahusika kwa orodha, haukupi mfuatano wa kurasa. Mchezo wa kuigiza ukumbini husaidia, nami huwahimiza wanafunzi waende, lakini baada ya kukisoma kitabu.

Turudi kwenye karatasi iliyosahihishwa. Nataka kila mwanafunzi awe na daftari moja la makosa, la bei yoyote. Ukurasa wa kushoto ananakili sentensi yake kama alivyoikosea. Wa kulia anaiandika sawasawa, na chini yake anatunga nyingine mpya yenye muundo uleule. Hakuna nafasi ya kunakili kanuni za sarufi kutoka kitabuni. Baada ya siku mbili anaufunika ukurasa wa kulia kwa kiganja na kujaribu tena, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Wiki mbili za mwisho, wenzake wanapokesha na marundo yao, yeye anapitia daftari lake, anaandika insha mbili kwa muda uliopimwa, na analala. Usingizi si anasa, maana ufahamu wa kifungu kigeni unataka akili iliyopumzika kuliko pengine sehemu nyingine yoyote ya mtihani.

Lakini daftari hilo haliwezekani kama karatasi hairudi, na hapo wakuu wa shule wanahusika moja kwa moja. Ratiba niliyoizoea huweka mitihani hadi siku mbili kabla ya kufunga. Walimu husahihisha usiku, ripoti huchapishwa alfajiri, na karatasi hubaki kwenye masanduku hadi muhula ujao, wakati mtoto hakumbuki tena alichotaka kusema katika aya ya tatu. Kisha likizo hujazwa tuisheni, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, imeikataza. Insha ingeweza kutangulia masomo mengine yote kwa wiki moja na nusu, isahihishwe kwa utulivu, irudi darasani shule ikiwa bado wazi, na vipindi viwili vitengwe kwa ajili ya kuandika upya aya moja na kujaza daftari. Hilo halihitaji fedha za serikali wala idhini ya mtu, linahitaji mkuu wa taaluma akae na mwalimu wa Kiingereza wakati ratiba inapangwa. Na mpaka shule yake ianze kufanya hivyo, mzazi anayekuja kuchukua ripoti siku ya kufunga aombe pia karatasi ya insha. Akiambiwa haipatikani, aulize kwa heshima imewekwa wapi, na mtoto wake ataiona lini.